Nakala Mia Tano na Kaunta Buku Moja: Niliyojifunza kuhusu Wasomaji Baada ya Kujichapishia Riwaya

Mwaka 2008, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, nilinunua fotokopi ya diwani ya mashairi kwa shilingi 1,500 katika steshenari moja iliyokuwa nje ya lango. Kitabu chenyewe kiliuzwa shilingi 5,000 na mwandishi mwenyewe, bwana wa makamo aliyekuwa akisimama karibu na mgahawa wa wanafunzi kila Ijumaa, vitabu vyake amevipanga juu ya kipande cha kitenge. Nilipita mbele yake fotokopi ikiwa mkobani, nikamwamkia, akaniitikia vizuri na kuniuliza ninasoma nini. Sikuona kosa lolote katika nililofanya, kwa sababu nilijiambia kwamba mwanafunzi hana pesa na kwamba mtu aliyefikia hatua ya kuandika kitabu bila shaka anazo. Ilinichukua miaka 13, riwaya moja na deni la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, kumwelewa bwana yule.

Ninaandika haya kwa ajili ya wasomaji, kwa kuwa mara kwa mara mtu huniambia, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba angependa kuwasaidia waandishi wanaojichapishia lakini hajui aanzie wapi. Nimekuwa pande zote mbili, nami nimekosea katika pande zote mbili, kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyonitokea kwa mpangilio wake.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Riwaya yangu ya kwanza niliianza mwaka 2018, nikiiandika usiku baada ya kusahihisha madaftari, na niliimaliza mwaka 2020. Niliipeleka kwa wachapishaji wawili. Mmoja hakujibu hadi leo, na wa pili alinijibu baada ya miezi minane kwamba kwa wakati ule walikuwa wakipokea vitabu vya kiada na ziada tu. Sikumchukia kwa jibu hilo, kwani kampuni nyingi za vitabu nchini mwetu zinaishi kwa soko la shule, na riwaya ya mtu asiyejulikana, isiyo katika orodha ya vitabu teule vya fasihi, ni mzigo ambao mfanyabiashara atafikiri mara mbili kabla ya kuubeba. Nikaamua kujichapishia. Njia hiyo si ngeni kwetu: riwaya nyingi za upelelezi na mapenzi zilizosomwa sana miaka ya 1970 na 1980 zilitolewa na waandishi wenyewe jijini Dar es Salaam.

Gharama zangu zilikuwa hivi. Jalada nililipia shilingi 150,000, mpangaji wa kurasa akachukua 120,000, uchapaji wa nakala 500 katika kiwanda kimoja cha jijini Dar es Salaam ukawa 2,400,000, na kusafirisha mzigo hadi Morogoro 40,000. Jumla ni shilingi 2,710,000, maana yake kila nakala ilinigharimu 5,420 kabla hata sijaiuza. Nilikuwa na akiba ya milioni moja na laki mbili, na iliyobaki nilikopa kwenye kikundi chetu cha VICOBA. Mtaona kwamba katika hesabu hiyo hakuna mhariri. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya, nami nilijitetea kwamba mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuhaririwa.

Lilikuwapo na kosa jingine ambalo sikulijua mpaka wasomaji waliponionesha. Mswada wangu ulipopangwa ulifikia kurasa 229. Mchapaji alinieleza kwamba karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa kuwa kurasa 16, kwa hiyo mikunjo 14 inatoa kurasa 224, na zile tano za ziada zingenilazimu kulipia mkunjo mzima mwingine kwa kila nakala. Badala ya kurudi nyumbani nikapunguza maneno, nilimwambia mpangaji apunguze ukubwa wa herufi. Watu wazima wengi walionunua kitabu walinirudia wakilalamika kwamba hawawezi kukisoma usiku, na wengine, nina hakika, waliacha tu bila kuniambia.

Mambo ya kisheria hayakunisumbua. Namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kitabu, niliipata kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambako ndiko zinakotolewa kwa vitabu vinavyochapishwa nchini, na nakala za amana, zile za kuhifadhiwa maktaba kwa mujibu wa sheria, nikazipeleka. Nilisajili kazi yangu COSOTA pia, yaani ofisi ya hakimiliki nchini, ingawa hakimiliki huanza pale tu kazi inapoandikwa na usajili ni ushahidi wa kukusaidia ukidhulumiwa.

Vitabu vilifika Agosti 2021, saa mbili usiku, katika maboksi kumi yaliyofungwa kwa kamba za plastiki. Nilifungua boksi la kwanza nikiwa nimepiga magoti sebuleni, nikanusa gundi, nikapitisha kidole kwenye uti wa kitabu, nikalia. Mume wangu aliyapanga maboksi yote chini ya kitanda cha wageni kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pasipovuja.

Wiki iliyofuata nikaanza kugawa. Kaka zangu, mawifi, walimu wenzangu, mchungaji, majirani, wanafunzi wangu wa zamani, kila mmoja alinipongeza na kuniuliza, "Yangu iko wapi?" Kwa mila zetu kumwambia ndugu yako alipie kitabu ulichokiandika ni kama kumwambia alipie chakula nyumbani kwako, na mimi sikuwa na ujasiri huo. Nilipofanya hesabu mwezi wa pili baada ya vitabu kufika nikakuta nimetoa nakala 70, yaani shilingi 379,400 za gharama tupu, wakati marejesho ya mkopo yakiwa yananisubiri kila Jumamosi. Miongoni mwa wale 70, ninaofahamu kwamba walikisoma kitabu hadi mwisho hawazidi tisa. Aliyelipa pesa yake hukisoma, na ikiwa hakukipenda atakwambia, lakini kitabu cha bure huwekwa juu ya kabati la televisheni kama picha ya harusi. Ninawaomba ndugu na marafiki wa mwandishi wawe wa kwanza kulipa, na walipe bei kamili bila kusubiri kuombwa, kwa sababu yeye hawezi kuwaomba. Shangazi yangu wa Turiani ndiye aliyenifundisha hili. Nilimpelekea nakala, akaipokea kwa mikono miwili, akaingia chumbani, akatoka na noti ya elfu kumi na kunikunjia mkononi, akasema, "Mwanangu, hii ni kazi yako. Zawadi utaniletea siku nyingine."

Baada ya hapo nilizunguka na mkoba kwenye maduka ya vitabu, Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam. Maduka matano yalikubali kupokea vitabu vyangu kwa mali kauli, yaani ninaacha mzigo na kulipwa utakapouzwa, huku duka likichukua asilimia 35 ya bei. Niliacha nakala 30 kila duka, jumla 150, na katika maduka manne kati ya hayo sikudai hata karatasi ya kusainiwa kwa kuwa nilipokelewa kwa heshima nikaona haya. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa nimelipwa nakala 61. Nyingine 40 nilirudishiwa zikiwa zimepauka kwa jua la dirishani, na 49 hazikuonekana tena. Nauli niliyoitumia kufuatilia sikuiandika popote kwa sababu ingenivunja moyo. Duka moja tu, lile nililosainiana nalo karatasi, lilinilipa kila robo mwaka bila kukumbushwa, na mpaka leo vitabu vyangu viko pale.

Sisemi haya ili msomaji asusie maduka, hata kidogo. Ninataka tu aione hesabu. Kitabu changu kiliuzwa shilingi 10,000. Kikiuzwa dukani, duka linachukua 3,500, mimi ninapata 6,500, nikiondoa 5,420 za gharama ninabaki na 1,080. Msomaji akininunulia moja kwa moja kwa pesa za simu, ninabaki na 4,580, ambayo ni zaidi ya mara nne. Kwa hiyo kama unayo namba ya mwandishi, au unajua ukurasa wake, nunua kwake, na nauli ya kifurushi ulipe wewe. Kutuma kitabu kutoka stendi ya Msamvu hadi Mbeya au Tanga wakati ule kulikuwa shilingi 3,000 hadi 5,000. Msomaji anapoomba aletewe kwa bei ileile, mwandishi mwenye haya atakubali, na hapo anakuwa amekuuzia kwa hasara akiwa anatabasamu. Ikiwa huna namba yake, basi ingia dukani na ukiulizie kitabu kwa jina. Nililiona hili likifanya kazi kwa macho yangu: mwenye duka mmoja wa Dodoma, ambaye mwanzoni alinikatalia, alinipigia simu mwenyewe baada ya watu watatu kumuulizia riwaya yangu ndani ya wiki moja. Maktaba za mikoa nazo zinaweza kuelezwa na wasomaji wake wanataka nini, na ombi la msomaji aliyejiandikisha pale lina uzito ambao la mwandishi halina.

Sasa nije kwenye barua ya Kilosa.

Januari 2022 nilipokea bahasha ya kaki iliyoletwa na kondakta wa basi. Ndani kulikuwa na karatasi saba za daftari la hesabu, zenye viboksi, zilizoandikwa pande zote mbili kwa kalamu ya wino wa bluu, mwandiko umesimama wima kama wa ubaoni. Mwandishi wa barua alijitambulisha kuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Alianza kwa salamu, akaniambia kwamba alikisoma kitabu changu kwa siku tatu na kwamba sura ya mwisho ilimliza, kisha akaniomba radhi kwa ajili ya yatakayofuata. Yaliyofuata ni makosa 64. Kila moja alilipa namba ya ukurasa na mstari. Kulikuwa na maneno yaliyoendelezwa vibaya, upatanisho wa ngeli uliovunjika, nukta zilizosahauliwa, na kwenye namba 41 aliandika hivi: "Ukurasa wa 113, shangazi wa mhusika anaitwa Mwanahamisi. Tangu mwanzo hadi ukurasa wa 97 alikuwa Mwanaidi. Kama ni mashangazi wawili, huyu wa pili hatujatambulishwa."

Nilikaa kitandani na zile karatasi kwa muda mrefu. Kwanza nilikasirika, kisha nikaona aibu iliyonifanya nitamani kuzichoma nakala zote zilizobaki. Siku ya tatu nikachukua kitabu changu na kalamu nyekundu, nikaenda namba kwa namba. Kati ya makosa 64, alikuwa sahihi katika 61. Nikampigia simu. "Shikamoo Mzee," nikamwambia, "mimi ndiye mwandishi." Akanyamaza kidogo, akaitikia, "Marahaba, Mwalimu. Nilidhani umenichukia." Tulizungumza karibu saa nzima. Aliniambia kwamba makosa yangu yote angeweza kuyatangaza kwenye kundi la walimu wastaafu wa wilaya yao, ambako mjadala wa lugha huwa mkali, lakini aliona kwamba kitabu kina uhai na mtu aliyekiandika ataandika kingine, hivyo ni bora ajue yeye kabla ya watu.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba msaada mkubwa kuliko pesa ambao msomaji anaweza kumpa mwandishi wa aina yangu ni usomaji makini unaomfikia mwandishi mwenyewe. Mwandishi aliye na kampuni ana mhariri, ana msoma prufu, ana watu wa kumkatalia. Sisi wengine tuna wasomaji tu. Ukikuta kosa, mwandikie mwenyewe, taja ukurasa, taja mstari, na uanze na lile ulilolipenda kama lipo, si kwa kumbembeleza bali ili ajue asilibadilishe. Na kama kitabu kimekuchosha, mwambie kilikuchosha kuanzia wapi. Nilijifunza mengi zaidi kwa dada mmoja aliyenieleza kwamba aliacha kusoma sura ya nne kwa kuwa hakujua tena ni nani anayezungumza, kuliko kwa watu mia waliosema "hongera sana, kazi nzuri."

Mzee yule alinunua nakala sita zaidi baada ya simu ile. Kitabu chake mwenyewe hukiazimisha, na ndani ya jalada la nyuma huandika jina la kila aliyekiazima na tarehe aliyokirudisha. Nilipomtembelea mwaka 2023 nilihesabu majina 22. Watu huniuliza kama jambo hilo linaniumiza, na jibu langu ni kwamba halijaniumiza hata siku moja. Kuazima kitabu cha karatasi ndivyo usomaji ulivyosambaa kwetu siku zote: kitabu ni kimoja, kimelipiwa, kinatoka mkono huu kwenda mkono ule, na katika wale 22 watano walinipigia kuagiza nakala zao.

Kunakili ni jambo jingine, na hapa inanibidi nieleze nililojitakia.

Novemba 2021 kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa mchambuzi wa vitabu aliniomba faili la PDF ili asome kwa haraka na kuandika uhakiki. Nilifurahi kwamba kuna mtu anataka kuandika kuhusu kazi yangu, nikamtumia faili lilelile nililompa mchapaji, bila alama yoyote, bila hata kumtaka aahidi kitu. Uhakiki sikuuona. Mwezi Machi mzazi wa mwanafunzi wangu alinitumia ujumbe: "Mwalimu, samahani kwa usumbufu, nimeletewa riwaya nzuri kwenye kundi letu la kina mama, na mwandishi mna majina sawa. Je, ni ndugu yako?" Chini ya ujumbe palikuwa na faili langu, na jalada langu lililonigharimu 150,000. Lilikuwa limeshasambazwa mara nyingi kiasi kwamba WhatsApp yenyewe iliweka alama ya mishale miwili juu yake.

Kaunta buku langu linaonesha vizuri kilichotokea. Hilo ni daftari kubwa la jalada gumu ambamo niliandika kila nakala iliyotoka: tarehe, jina, mahali, pesa iliyolipwa. Kuanzia Septemba hadi Desemba 2021 niliuza nakala 118 moja kwa moja. Kuanzia Machi hadi Juni 2022 niliuza 14. Siwezi kuapa kwamba faili lile ndilo pekee lililosababisha, kwani kitabu chochote hupoa, lakini nilikuwa na watu waliokuwa wameahidi kununua mwisho wa mwezi ambao waliniambia bila kificho kwamba wameshakisoma kwenye simu.

Niliwaandikia viongozi wa makundi manne niliyoyajua. Sikuwatishia kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ingawa sheria hiyo inanilinda maisha yangu yote na miaka 50 baada ya kufa. Niliwaeleza tu mimi ni nani, ninadaiwa kiasi gani na kitabu kinauzwaje. Watatu walilifuta faili na kuwaomba wanachama wao radhi kwa niaba yangu, jambo ambalo sikulitegemea. Wa nne alinijibu kwamba nishukuru kusomwa. Nilikaa na jibu lake siku nyingi, kwa sababu lilifanana sana na yale niliyojiambia mwenyewe mwaka 2008 nikipita mbele ya bwana yule wa diwani, na kwa hiyo sikuweza kumjibu kwa hasira.

Wiki mbili baadaye simu yangu iliingia ujumbe wa muamala: shilingi 10,000 kutoka kwa namba nisiyoijua. Kisha ukaja ujumbe wa maneno kutoka namba hiyohiyo ukisema, "Nilisoma kitabu chako bila kulipa. Sikujua unakiuza mwenyewe. Pokea." Kufikia Agosti wasomaji 17 walikuwa wamefanya hivyo, wengine wakituma elfu tano kwa kuwa ndiyo waliyokuwa nayo. Niliwaingiza wote kwenye kaunta buku kama wanunuzi. Nimejifunza kwao kwamba wengi wanaosambaza mafaili hawana nia mbaya: kwenye simu kitabu hakina mwenyewe, hakina bei, kimetokea tu kama picha ya salamu za asubuhi. Ndiyo maana sasa ukurasa wa kwanza wa kitabu changu unasema wazi kwamba kimetolewa na mwandishi mwenyewe, bei ni kiasi hiki, na namba ya kulipia ni hii. Msomaji aliyekwisha kusoma faili la namna hiyo hana haja ya kujificha. Atume anachoweza, amwambie mwandishi, na akiliona faili hilo kwenye kundi jingine aandike pale pale kwamba kitabu kinauzwa na wapi kinapatikana. Neno hilo likitoka kwa msomaji linasikika kuliko likitoka kwa mwenye kitabu, ambaye huonekana mlalamishi.

Mkopo niliumaliza Februari 2023, miezi 18 baada ya kuchapa, sehemu kubwa kwa mshahara wangu na si kwa kitabu. Nilikuwa tayari na mswada wa pili, na niliapa kwamba sitakopa tena. Safari hii nilimlipa mhariri shilingi 500,000 kutoka katika akiba, na Mzee wa Kilosa akasoma prufu kwa malipo tuliyokubaliana, ingawa ilinibidi nibishane naye ili ayapokee. Kwa uchapaji niliwageukia watu waliokuwa katika kaunta buku. Niliwaandikia mmoja mmoja, kwa majina yao, nikiwaeleza kwamba riwaya ya pili itauzwa 14,000, lakini atakayetanguliza pesa kabla ya kuchapwa atalipa 12,000 na jina lake litaandikwa nyuma ya kitabu.

Walilipa watu 145. Kiwandani mashine ya kukatia karatasi iliharibika na kazi ikachelewa wiki tano, nami kila Jumapili jioni niliwatumia taarifa ya hali ilivyo, hata pale ambapo hapakuwa na jipya la kusema. Wawili waliomba pesa zao na niliwarudishia siku hiyohiyo. Waliobaki 143 walikuwa wamenipa shilingi 1,716,000, na uchapaji wa nakala 300 ulikuwa 1,680,000. Sikudaiwa na mtu. Sijui kama wasomaji wanafahamu kwamba elfu kumi na mbili inayofika kabla ya kitabu kuchapwa ina uwezo kuliko elfu kumi na nne inayofika mwaka mmoja baadaye. Karatasi nyeupe za kuchapia tunaziagiza kutoka nje, bei inapanda dola inapopanda, na mchapaji anataka malipo ya awali kabla hajagusa mashine. Mwandishi mwenye pesa mkononi siku hiyo anapatana bei, na asiyekuwa nazo anakubali lolote. Ni haki ya msomaji, kabla hajatanguliza, kumuuliza mwandishi atachapa wapi, lini, na pesa zitarudishwaje mambo yakiharibika, na mwandishi anayekereka kwa maswali hayo ni bora usubiri kitabu chake kitoke.

Miongoni mwa waliotanguliza alikuwapo mama mmoja mwenye asili ya Pemba anayeishi Muscat. Kumpelekea kitabu kimoja Oman kungegharimu zaidi ya kitabu chenyewe, kwa hiyo aliniambia niache kumtumia, akalipia nakala kumi na kuniomba nizipeleke kwenye shule aliyosoma kijijini kwao. Zilisafiri kwa basi hadi Tanga na kutoka Tanga kwa boti. Mwalimu wa maktaba alinitumia picha ya wasichana wanne wamekaa chini ya mwembe, kila mmoja na nakala yake, mmoja ameshafika katikati. Picha hiyo niliichapisha, nikaibandika ndani ya jalada la kaunta buku.

Kuhusu uhakiki nitasema kidogo tu. Vitabu vya Kiswahili vinavyojadiliwa kwa maandishi na wasomaji wa kawaida ni vichache mno, na kwa mwandishi asiye na kampuni ya kumtangaza, sentensi nne za msomaji kwenye ukurasa wake wa Facebook au kwenye stetasi ya simu ndizo tangazo alilonalo. Lakini ziwe na kitu ndani. Sema kinahusu nini bila kutoboa mwisho, sema kitamfaa nani, taja kilichokukera, weka bei na namba ya mwandishi. Dereva mmoja wa lori wa Makambako aliandika kwamba riwaya yangu inasomeka vizuri kwenye foleni ya mizani lakini herufi zake ni ndogo mno. Wiki hiyo niliagizwa nakala 11, nyingi na madereva, na ujumbe wake ndio ulionifanya nirudishe herufi kubwa katika kitabu cha pili, nikakata sura nzima ili kurasa zitoshe.

Sasa hivi zimebaki nakala 38 za riwaya ya pili. Mswada wa tatu uko Kilosa tangu mwezi uliopita, na jana Mzee alinipigia kuniambia kwamba amefika ukurasa wa 80, amejaza karatasi mbili, na angependa kujua kwa nini kila mtu katika sura ya tatu anakunywa chai ya tangawizi.